Mti Huhesabiwa Baada ya Kaskazi

Sisi tukaao Ushongo tunayo minazi ya kutukinga jua, nasi twasahau kwamba mnazi hupandwa na mtu. Lakini watoto wetu waendao Tanga kusoma au kutafuta kazi hukuta mitaa ambayo nyumba zimesongamana na mti ni wa kutafuta. Ukuta wa saruji na barabara ya lami hushika joto mchana kutwa, na usiku hulitoa polepole, hata mtoto mchanga akakosa usingizi. Mti hufanya kinyume: huvuta maji kutoka chini na kuyatoa majanini kuwa mvuke, na mvuke ule huondoa joto. Ndiyo maana chini ya mwembe hupoa kuliko chini ya bati.

Basi watu wa mtaa hukusanyika, hupanda, hushangilia, kisha hurudi nyumbani. Mbuzi hawana habari ya sherehe. Baada ya mwezi hubaki vijiti.

Yafaa tujifunze kwa jirani zetu. Tarehe 5 Juni 1977, Bibi Wangari Maathai na wenziwe wa baraza la wanawake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, mjini Nairobi. Katika ile saba ilidumu miwili tu. Kazi haikuishia hapo. Chama chake cha Green Belt kilifundisha kina mama kuotesha miche, kikawalipa senti chache kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliotiwa ardhini. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Hesabu ile ya uhai ndiyo tuitakayo hapa.

Twashauri hivi. Shimo lichimbwe kabla ya masika, litiwe samadi. Mahali pa ukame uchaguliwe mwarobaini, maana huvumilia. Mkungu na mwembe vipewe uwanja mpana, mbali na kuta na nyaya za umeme. Kila mche uzungushiwe fito na miiba, nao upewe nyumba moja ya kuulea. Mche wa watu wote hauna mwenyewe. Maji yaliyooshea mboga yatosha kuunywesha. Chungu kikuukuu chenye tundu dogo, kikifukiwa kando yake na kujazwa maji, huulisha kidogo kidogo.

Ninyi walimu, andikeni daftarini jina la kila nyumba na mche wake. Jua kali la Januari na Februari likiisha, piteni na wanafunzi mkahesabu iliyo hai. Palipokufa mmoja, masika ijayo upandwe mwingine, na nyumba isiyo na mtu wa kuchota maji isaidiwe na jirani. Mtaa wenye miti kumi iliyopona umeushinda mtaa uliopanda mia na kuiacha.