Kigeuzi cha Sauti: Bei Si Kipimo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vyombo vya muziki vya nyumbani mambo yameingiliana: kigeuzi cha bei ndogo hufanya kazi yake kimyakimya, na kile cha maelfu ya dola hutembezwa kwa sifa zisizopimika. Kigeuzi ni mtambo unaozigeuza tarakimu zilizohifadhiwa katika sahani au kompyuta ziwe mkondo wa umeme, ambao hatimaye spika huugeuza kuwa sauti.

Msingi wa kazi hiyo si siri. Mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani, akifuata njia iliyofunguliwa na Harry Nyquist mwaka 1928, alithibitisha kwamba wimbi laweza kurudishwa kamili iwapo lilipimwa zaidi ya mara mbili katika kila mtetemo wake wa kasi kabisa. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo vipimo zaidi ya 40,000 kwa sekunde vyatosha. Sahani ya CD, iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100, kila kimoja kikiwa na biti 16, yaani ngazi 65,536.

Zamani hizo kuchagua kigeuzi kulikuwa na maana kubwa. Kuunda kigeuzi cha biti 16 kulikuwa kugumu hata Philips walianza na cha biti 14, wakafidia upungufu kwa hesabu zilizofanywa kwa kasi mara nne. Ugumu huo umekwisha. Leo Apple huuza kigeuzi kidogo cha kuchomeka kwenye simu kwa dola 9 hivi, nacho hurudisha muziki wa CD vizuri sana.

Wauzaji hujibu kwamba biti 24 na vipimo 192,000 huleta uhai ambao CD haina. Dai hilo limejaribiwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walitangaza katika jarida la Audio Engineering Society jaribio ambalo wasikilizaji hawakujulishwa wanasikia kipi. Katika majaribio 554 walipatia mara 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya matokeo ya majaribio 18, akaona kwamba wasikilizaji walipatia kupita bahati, lakini kwa kiasi kidogo mno, na zaidi wale waliofunzwa. Haki yataka matokeo yote mawili yatajwe. Hata hivyo, tofauti inayohitaji mafunzo ili isikike haistahili akiba ya familia. Heri fedha hiyo iende kwenye spika, au kwenye mapazia na mazulia ya kupunguza mwangwi wa kuta za saruji. Huko badiliko husikika na kila mtu.

Jambo hili si la matajiri peke yao. Anayekubali kwamba bei ni ushahidi katika muziki atakubali hivyo hivyo katika dawa na mbegu. Mwalimu wa fizikia aweza kuanza kinga darasani kwa vigeuzi viwili, spika moja na pazia. Kwanza sauti zisawazishwe kwa kipimo, maana sikio huiona iliyo kubwa kidogo kuwa bora. Kisha mwanafunzi asikilize mara 16, utaratibu ukiamuliwa kwa sarafu, naye aseme kila mara ni kipi kinacholia. Abahatishaye hupata 12 au zaidi chini ya mara 4 katika kila 100. Akifikia hapo, jaribio lirudiwe. Asipofikia, hajaonyesha kwamba asikia tofauti yoyote, hata kama chombo kimoja kimegharimu mara elfu ya kingine.