Kujifunza Gitaa la Besi: Sikio au Karatasi?

Katika mkutano wa Chama cha Muziki mwezi uliopita lilizuka shauri ambalo mpaka sasa halijakatwa. Chama kina fedha kidogo zilizobaki baada ya tamasha la wazazi, na wanachama wengi wataka zitumike kuchapisha karatasi za besi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, zile zinazoonyesha uzi gani ushikwe na mahali gani, ili kila mmoja apate nakala yake. Mimi ni miongoni mwa wachache waliopinga. Kengele ya chakula iligonga kabla sijatoa maoni yangu, basi nayatoa hapa.

Nadai kwamba anayetaka kulijua gitaa la besi yampasa kwanza asikilize besi zilizorekodiwa na kuziandika mwenyewe katika daftari, sauti moja baada ya nyingine, ndipo atazame karatasi ya mtu mwingine.

Nisemapo hivyo sina maana ya kubahatisha. Kazi hii ina utaratibu. Wimbo husikilizwa wote mara kadhaa bila kugusa gitaa, mpaka uweze kuiimba ile besi kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Usichoweza kukiimba bado hujakisikia. Kisha hutafutwa do ya wimbo, na sauti huandikwa kwa do, re, mi. Hapa tuna bahati kubwa, maana wengi wetu tumeimba kwaya tangu utotoni, na nota hizi, alizozieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, tunazisoma bila taabu. Mwisho ndipo gitaa hushikwa.

Chukueni mfano wa wimbo "My Girl" wa The Temptations, uliotolewa mwaka 1964. Huanza na besi peke yake, sauti mbili tu, do na so ya chini yake, kisha gitaa la kawaida huingia likipanda do, re, mi, so, la, do. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuziandika sauti hizo kwa jioni moja. Lakini akijaribu kuzipiga ataona kwamba jambo gumu ni ule ukimya ulio katikati yake: sauti ikatwe wapi, ya pili ije kwa haraka kiasi gani. Karatasi itamwambia do na so, na ataamini kwamba amemaliza.

Aliyeipiga besi ile ni James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1936, aliyefanya kazi katika studio za Motown mjini Detroit, Marekani. Alizivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada, na chini ya kifuniko cha gitaa lake mlikuwa na kipande cha sifongo kilichozigusa nyuzi, ili sauti ife mapema isivume. Mara nyingi alipewa karatasi yenye majina ya kodi tu, na yaliyobaki akayatunga mwenyewe papo hapo. Kwa miaka mingi besi zake zilisikika duniani kote na jina lake halikuandikwa juu ya sahani, mpaka ilipotoka albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On", mwaka 1971. Alifariki mwaka 1983. Mwaka 1989 Allan Slutsky alitoa kitabu kiitwacho "Standing in the Shadows of Motown", chenye maisha ya Jamerson na besi zake zilizoandikwa kwa nota. Yaani kitabu chenyewe, ambacho wenzangu wangefurahi kukinakili, kilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa na kusikiliza.

Nageukia kwetu, maana hili ndilo linalonigusa zaidi. Bendi zetu za dansi za miaka ya 1960 na 1970, kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, zilirekodi nyimbo nyingi katika studio za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Sote twawajua waimbaji, na wapiga solo tunawataja. Wapiga besi je? Nimewauliza wazee watatu wapenzi wa dansi kijijini kwetu, na hata mmoja hakuweza kunitajia. Wala sijapata kuona kitabu chenye besi za nyimbo hizo. Basi tukizoea kungoja karatasi, tutapiga nyimbo za Detroit peke yake, na besi walizochezea babu zetu zitatupita huku tunazisikia.

Wanaonipinga wana hoja, na hoja yao kubwa ni muda. Wasema chama kina gitaa moja la besi na wanachama kumi na mmoja, tena mwenye mtihani hana saa nne za kutafuta sauti nane. Mimi naona gitaa moja ndilo sababu kubwa ya kuandika. Daftari na kalamu kila mtu anavyo. Wakati mmoja anapiga, kumi wanakaa wakitazama mikono yake. Wangeweza kuwa wanasikiliza na kuandika, na zamu ya kila mmoja ikifika angekuwa na kitu cha kupiga.

Hoja nyingine ni kwamba besi haisikiki vizuri. Hii ni kweli, lakini kosa ni la chombo. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo za kompyuta ya maktaba haziwezi kuitoa sauti ya chini namna hiyo. Kinachotufikia ni zile sauti za juu zinazofuatana nayo. Hedifoni za kawaida hutatua jambo hilo kwa kiasi kikubwa. Zamani wanamuziki waliocheza kanda waliiendesha kwa mwendo maradufu, besi ikapanda oktava nzima na kusikika wazi. Wengine waliisikiliza sahani kwa nusu ya mwendo wake ili wapate kufuata vidole vya haraka, ingawa hapo sauti nayo ilishuka oktava. Leo ziko programu za bure zinazopunguza mwendo bila kuishusha sauti hata kidogo. Waliotutangulia hawakuwa nazo, na kazi waliifanya.

Kuhusu solo nitasema machache. Wako wenzetu watakao kuanza na "Donna Lee" jinsi alivyoipiga Jaco Pastorius mwaka 1976. Ni jambo zuri kulitamani. Lakini wasikilize kwanza "So What" ya Miles Davis ya mwaka 1959, ambamo Paul Chambers anaubeba wimbo kwa besi na wenzake wakamwitikia. Humo sauti zina nafasi, na sikio changa laweza kuzishika.

Wala sisemi karatasi zichomwe. Mtu akishamaliza kuandika yake, na ailete karatasi ailinganishe. Mabishano yatakayotokea hapo kuhusu sauti moja yatamfaa kuliko mazoezi ya juma zima. Naomba tu chama, kitakapokutana Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, kinunue hedifoni mbili, kiiombe maktaba saa mbili za kompyuta kila Jumamosi, na kimpe kila mwanachama wimbo mmoja wa dansi wa kuandika besi yake kabla ya likizo. Mimi nimekwisha kuanza na mmoja wa NUTA Jazz, na nimefika ubeti wa pili.