Pipi za kupunguza unene: tunauziwa nini?

NILIPOTEREMKA kwenye teksi pale Juru mwezi Agosti mwaka 2025, nilitegemea kuulizwa habari za safari na za watoto niliowaacha nyumbani. Badala yake binti wa dada yangu alinivuta pembeni, akatoa chupa ya plastiki kwenye mkoba na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, wewe unafundisha sayansi. Hizi zinasaidia kweli?"

Ndani ya chupa hiyo kulikuwa na pipi laini za kutafuna, za rangi nyekundu, zenye umbo la tufaha. Zilikuwa 60. Alikuwa amezinunua Mbarara kwa shilingi 85,000 za Uganda, kwa mtu anayetangaza bidhaa zake kwa simu. Juu ya chupa palikuwa na picha ya mwanamke amevaa suruali inayoweza kumtosha yeye na jirani yake. Jina la kiwanda halikuwapo, wala anuani ya mtengenezaji.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Juru ni moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara. Mimi nilizaliwa humo, mtoto wa Wanyarwanda waliokimbia mwaka 1959, na shule ya msingi niliisomea humo humo hadi mwaka 1994 tuliporejea Rwanda. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alibaki kwa kuwa alikuwa ameolewa na mwenyeji wa Isingiro. Leo ana kibanda cha chakula karibu na soko. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi Desemba, na gauni alilopewa na wifi yake mtarajiwa lilikuwa linagoma kufunga zipu.

Nilisoma maandishi ya chupa ile kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kusoma, yaani kuanzia yale madogo. Kila pipi ilidaiwa kuwa na miligramu 500 za siki ya tufaha, pamoja na tunda liitwalo garsinia. Tukachukua kalamu. Kijiko kikubwa kimoja cha siki ni mililita 15, sawa na gramu 15 hivi. Ili mtu apate siki ya kijiko kimoja atatafuna pipi 30, yaani nusu ya chupa, na sukari yake juu. Binti yangu alicheka, kisha akanyamaza.

Na hiyo siki yenyewe je? Mwezi Machi 2024 jarida moja la kundi la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Lebanon kwa vijana 120, ukidai kuwa waliokunywa siki ya tufaha kwa wiki 12 walipungua kilo kadhaa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima na wauzaji wakaikumbatia. Mwezi Septemba 2025, mwezi mmoja tu baada ya mazungumzo yetu, jarida hilo liliufuta utafiti huo, kwa kuwa takwimu zake zilikuwa na kasoro na hazikuweza kuaminika. Tangazo la kufutwa halikuzunguka kwa kasi ile ile. Garsinia nayo ilipimwa zamani sana: mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa majibu ya jaribio la watu 135 kwa wiki 12. Waliomeza garsinia hawakupungua zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na kitu. Hiyo ni zaidi ya robo karne iliyopita, na bado inauzwa kama uvumbuzi wa jana.

Wapo watakaosema, mbona fulani alizila akapungua? Ni swali la haki, na hata binti yangu alikuwa amepungua kilo mbili katika siku 19. Lakini nilipomhoji nikagundua kwamba karatasi iliyokuja na chupa ilimwagiza aache soda, asile usiku na atembee nusu saa kila siku. Alikuwa ameacha soda mbili za kila siku na ile rolex ya jioni, chapati na mayai yake. Darasani tukitaka kujua kama mbolea imekuza mche, hatubadilishi pia udongo, maji na jua siku hiyo hiyo. Kazi aliifanya yeye, na malipo yakaenda kwa pipi.

Hadi hapo mtu anaweza kusema basi, hasara ni ya fedha tu. Laiti ingekuwa hivyo. Binti yangu alinieleza kwamba usiku moyo ulimwenda mbio na usingizi ulikata. Siwezi kuapa kwamba ni pipi zilizofanya hivyo, maana bibi harusi ana mengi ya kumnyima usingizi. Lakini ninajua kwamba dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikitumika kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshituko wa moyo na kiharusi, na kwamba tangu hapo wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza unene zilizoandikwa kuwa ni za asili tupu. Mwaka 2009 wakaguzi hao hao waliwaonya wananchi kuachana na bidhaa za Hydroxycut baada ya kupokea taarifa 23 za watu waliopata madhara makubwa, kuanzia manjano hadi ini kuharibika kiasi cha kuhitaji jingine. Mmoja alifariki. Bidhaa zile zilikuwa na jina, kiwanda na anuani, na ndiyo maana ziliweza kurudishwa. Chupa ya Juru ingerudishwa kwa nani?

Hata pale ambapo kiwanda kinajulikana, pipi za namna hii ni vigumu kuziamini. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima aina 25 za pipi za melatonini, zile za kuleta usingizi, na 22 zilikuwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa. Moja haikuwa na melatonini kabisa. Hizo si za kupunguza unene, lakini zimetengenezwa na kuuzwa kwa mtindo ule ule. Huko Marekani sheria ya mwaka 1994 iliacha bidhaa hizi ziingie sokoni bila mwenye nazo kuthibitisha kwanza kwamba zinafanya kazi. Sisi mwaka huo tulikuwa tunafunga mizigo. Nani angejua kwamba sheria ile ingetufikia Juru ndani ya chupa?

Siku hizi wajanja wamepata jina jipya la kuazima. Ipo dawa ya kweli, semaglutidi, ambayo katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021 iliwapunguzia watu kama asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, ina madhara yake, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake Desemba 2025 lilisisitiza iende pamoja na chakula bora na mazoezi. Haimo katika pipi. Wanaoandika jina la dawa za aina hiyo juu ya chupa za peremende wanatafuta kivuli cha kujificha tu, kama walivyoutumia uso wa Oprah Winfrey hadi mwaka 2022 akalazimika kujitokeza mwenyewe na kusema hahusiki na pipi zozote za kupunguza uzito.

Lililoniumiza zaidi si kemia. Miezi mitatu kabla ya safari yangu, Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Katika soko lile lile la Juru niliwaona akina mama wa Kikongomani wakipima unga kwa vikombe vidogo, huku vijana wakionyeshana kwenye simu tangazo la kuyeyusha mafuta ya tumbo. Na hii ni nchi ya Ankole, ambako mabinti wa Kihima walinyweshwa maziwa wanenepe kabla ya kuolewa. Jirani hapo Karagwe, mwaka 1861, Mwingereza Speke aliwakuta wanawake wa nyumba ya mfalme Rumanika wamenona hata kusimama hawawezi. Bibi zetu waliteswa ili wanenepe, wajukuu wanalipa ili wakonde, na katika yote mawili mwili wa bibi harusi umekuwa mali ya watu wengine.

Sisemi unene hauna madhara. Dada yangu ana shinikizo la damu, na wiki ile vidonge vyake vilikuwa vimekwisha. Kituo cha afya kilikuwa hakina, ikabidi vinunuliwe dukani. Bei ya chupa moja ya pipi ingemtosha miezi kadhaa. Binti yake, kwa upande mwingine, alikuwa na kilo 68 na urefu wa mita 1.62. Ukipiga hesabu ya uwiano unapata karibu 26, wakati kikomo cha kawaida ni 25. Huyo si mgonjwa wa kuokolewa kwa shilingi 85,000.

Mamlaka zetu zisikwepe kwa kusema hiki ni chakula wala si dawa. Uganda ina Mamlaka ya Dawa ya Taifa na Shirika la Viwango. Rwanda ina mamlaka yake ya chakula na dawa. Tanzania ilihamishia usimamizi wa chakula TBS mwaka 2019. Pipi inayodai kuyeyusha mafuta mwilini imekwisha kujiita dawa yenyewe, basi ipimwe kama dawa, na anayeitangaza kwa simu atafutwe kwa namba hiyo hiyo ya simu. Chupa isiyo na jina la kiwanda isivuke mpaka, iwe Mirama Hills, Mutukula au Malaba.

Binti yangu alijaribu kumpigia muuzaji ili arudishe pipi 22 zilizobaki. Namba haikupatikana. Mwezi Novemba alilipeleka gauni kwa fundi mmoja wa Kikongomani pale sokoni, ambaye alifumua mishono ya ubavuni na kuongeza vipande viwili vya kitambaa kwa shilingi 15,000. Siku ya harusi zipu ilifunga.