Mtoto wa kisukari afunzwe kujisemea
Jina la ugonjwa laweza kupotosha. Wengi wasikiapo "kisukari" hudhani mtoto ameponzwa na peremende. La hasha! Kisukari cha utotoni aghalabu hutokea kinga ya mwili inapoziangamiza seli za kongosho zitengenezazo insulini. Tangu 1922 dawa hiyo imeokoa watoto wengi. Lakini ikizidi, sukari hushuka mwilini, mtoto akatetemeka, akatokwa na jasho, hata akazirai. Hapo sukari ndiyo dawa, na mwalimu asiyejua atampokonya! Basi tumfunze mtoto, kadiri ya umri wake, kujipima, kujidunga sindano, na kutamka bila haya: "Mwalimu, sukari yangu imeshuka." Sentensi hiyo fupi, ikimfikia aielewaye, yaweza kuokoa uhai.