Pijo Ikiungua Timboroa, Utaonyesha Nini?

Ukipita barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ukifika Timboroa bado utakutana nazo: Peugeot 504, Pijo kama tunavyoziita. Moja imebeba mitungi ya maziwa, nyingine magunia ya viazi, nyingine imepanguswa ikang'aa kwa sababu ni Jumapili na mwenyewe anaenda kanisani. Watu wakisikia habari za gari la kale linalopendwa, mawazo yanaruka hadi Nairobi, kwa wenye pesa na yale maonyesho ya Concours d'Elegance kule Ngong Racecourse. Mimi sikubaliani nao. Gari lililosomesha watoto na bado linawaka asubuhi ya baridi kali ni mali ya thamani, na likishika moto mwenyewe anaumia sawasawa na yule wa Nairobi. Shida ni kwamba yule wa Nairobi mara nyingi ana karatasi za kuonyesha. Yule wa Timboroa ana maneno tu.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna mafundi watakaonuna: mwenye gari la zamani asimlipe fundi pesa mkononi hata siku moja. Alipe kwa simu, hata kama ni mia tano ya kubadilisha paipu. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuongee kuhusu moto wenyewe.

Timboroa iko juu. Stesheni yake ya reli iko zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kule chini inamwaga petroli nyingi kuliko inayohitajika huku juu. Ndiyo maana magari mengine yakimaliza kupanda mlima yananuka petroli. Ongeza paipu za mpira zilizokauka zikapasuka kwa uzee. Ongeza wayaringi ya miaka arobaini, na ile tabia ya fyuzi kuungua halafu mtu anaweka kipande cha waya "tufike tu nyumbani." Tone moja la petroli likianguka kwenye ekzosi iliyochemka, umeshapata kazi.

Na gari la zimamoto likitoka Eldoret lina zaidi ya kilomita 50 za kuja. Kwa moto wa gari, hiyo ni safari ya kuja kuona majivu. Kizima moto kidogo cha unga ndani ya gari, mahali mkono unafika, ndicho zimamoto yako. Moshi ukitoka kwenye boneti, zima injini, watu wote washuke, na usifungue boneti wazi, kwa maana hewa ikiingia moto unapata nguvu. Fungua kidogo tu, puliza unga kwenye ule mwanya. Ukiona moto umeanza kuelekea kwenye tangi, achana na gari, ondoka. Sisi wa barabara hii hatuhitaji kukumbushwa petroli inafanya nini. Januari 31, 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lililipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Sasa tuseme moto umezimwa na watu wote wako salama. Gari limebaki na upande wa nyuma mzima, mbele ni masizi. Hapo ndipo maswali ya pesa yanaanza.

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakulazimisha kuwa na bima ya thadi pati. Wengi wenye magari ya zamani wanaishia hapo, wengine kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, wengine kwa sababu kampuni zimekataa kuwapa bima kubwa wakiangalia umri wa gari. Hiyo thadi pati inamlinda mtu mwingine ambaye gari lako litamuumiza. Gari lako mwenyewe likiungua uani, haikulipi hata senti. Kuna bima ya katikati, ya thadi pati pamoja na moto na wizi, na watu wengi hawajawahi kuiulizia. Kampuni moja ikikataa gari lako, uliza nyingine. Hazifanani.

Hata aliye na bima kubwa asishangilie mapema. Kwa kawaida mkataba unasema utalipwa bei ya soko siku ya ajali, au kiasi ulichokatia bima, kile kilicho kidogo. Bei ya soko ya Pijo ni ngapi? Huko Ufaransa waliacha kutengeneza 504 ya familia mwaka 1983, ingawa hapa kwetu ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye. Hakuna duka linalouza mpya ili tulinganishe. Kwa hivyo mkaguzi wa bima atashika simu yake, atafute 504 zinazouzwa, aone moja imekalishwa juu ya mawe shambani kwa mtu, haina injini, kuku wamelala ndani. Hiyo ndiyo itakuwa kipimo cha gari lako. Ukimwambia hii ni aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson, tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, atatabasamu, pengine hata akumbuke baba yake alikuwa nayo. Lakini ataandika ile ya kuku.

Hapo ndipo malipo ya simu yanaingia. Tuseme kwa miaka mitano umefanyia injini kazi kubwa, umepaka rangi upya, umebadilisha viti, umenunua kioo cha mbele, umeweka wayaringi mpya yote. Kama ulilipa pesa mkononi, hiyo kazi yote imeungua pamoja na gari. Fundi wa kwanza amehamia Kitale, wa pili amebadilisha namba, wa tatu anakumbuka lakini hakumbuki ni pesa ngapi. Kama ulilipa kwa simu, kila kazi ina tarehe, saa, kiasi, jina la aliyepokea na namba ya muamala. Mkaguzi hawezi kubishana na hiyo kwa urahisi. Meseji peke yake haisemi pesa ilikuwa ya nini, kwa hivyo mwombe fundi risiti, hata ya kuandikwa kwa kalamu, uandike juu yake namba ya muamala. Piga picha ya risiti na ya kazi yenyewe, ujitumie kwa barua pepe. Dakika mbili tu.

Bora zaidi, usingoje moto. Kila ukimaliza kazi kubwa, peleka gari kwa mthamini anayekubaliwa na kampuni yako ya bima, pamoja na hizo rekodi, uombe mkataba uandikwe kwa thamani ya makubaliano. Maana yake mnakubaliana leo, gari likiwa zima, kwamba likiteketea lote utalipwa kiasi fulani. Si kila kampuni itakubali. Lakini mtu mwenye taarifa ya miamala ya miaka mitano anasikilizwa kuliko mtu mwenye hadithi.

Najua fundi atasema nini. "Mzee, nipe cash tu, hiyo simu ina deni." Anaposema deni, anamaanisha ule mkopo wa simu unaojikata pesa ikiingia. Ni tatizo la kweli na simcheki. Kijana amefanya kazi siku nzima chini ya gari, pesa inaingia, inamezwa, anarudi nyumbani bila unga. Suluhisho si kumlazimisha. Mwambie afungue namba ya till ya biashara, au mkubaliane ulipe nusu kwa duka la spea moja kwa moja na nusu kwake. Halafu kuna ada ya kutuma. Ndiyo, ada ipo, na kwa malipo madogo madogo inauma. Mimi naihesabu kama sehemu ya bima.

Tukiwa kwenye bima, jambo hili limewaliza wengi. Ajenti anakuja, ni mtu wa kijiji, mnasali pamoja. Anasema, "Nitumie kwa namba yangu, nitakulipia ofisini kesho." Usifanye hivyo hata kama ni shemeji. Sheria ya bima nchini inasema kampuni haibebi hatari mpaka malipo yameifikia. Kesho ya ajenti ikigeuka kuwa wiki, na gari likaungua Jumatano, utakuwa umelipa lakini huna bima. Lipa kwa namba ya paybill ya kampuni yenyewe, pale pa akaunti uweke namba ya gari au namba waliyokupa, usome jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba yako ya siri. Ajenti mwaminifu hatakasirika. Kamisheni yake ataipata vilevile.

Na kama simu iliungua ndani ya gari? Hutokea, kwa sababu wengi wetu tunaiweka kwenye dashibodi tukiendesha. Meseji zimepotea lakini miamala haijapotea, iko kwa kampuni. Nenda na kitambulisho chako, urudishiwe laini yako, halafu uombe taarifa ya miamala. Fanya hivyo siku hiyo hiyo. Mtu akiokota laini isiyofungwa, moto utakuwa umekuunguza mara mbili.

Sasa gari lenyewe. Hapa kuna mvutano ambao watu hawaambiwi. Bima wanataka uliache lilivyo mpaka mkaguzi alione. Lakini masizi ya plastiki za waya zilizoungua yana asidi, na ule unga wa kizima moto unakula chuma ukipata unyevu. Na Timboroa unyevu unauliza, ni lini haupo? Ukungu wa usiku mmoja tu unaanza kuleta kutu. Ushauri wangu: ripoti polisi upate namba ya OB, piga simu bima siku hiyo, piga picha kila pembe, mpaka namba ya chasi na ya injini. Funika gari kwa turubai usiku huohuo. Halafu waandikie, usiishie kupiga simu tu, uwaulize kama unaweza kuosha masizi kabla mkaguzi hajafika. Wakisema ndiyo, una maandishi. Wakisema hapana na wakachelewa, una maandishi pia. Usijaribu kuwasha injini "kuona kama bado iko." Fundi wa umeme akague waya zote kwanza.

Kabla ya kuamua kulitengeneza, tafuta fundi wa bodi mzoefu aangalie chuma. Rangi ikichubuka hiyo ni kazi ya kawaida. Paa likijikunja kwa joto, au springi zikipata moto mkali mpaka zikalegea, hapo unaongea juu ya pesa nyingi, na huenda jibu la busara ni kubakisha injini na milango na kutafuta bodi nyingine. Wako wazee watakaolia. Waache walie, ni haki yao.

Ukianza kutafuta spea, ndipo matapeli wanakuja. Umeweka picha ya gari lililoungua kwenye kikundi cha WhatsApp ukiulizia kabureta au wayaringi. Ndani ya saa moja mtu amekupigia, ana kila kitu, yuko Kirinyaga Road, Nairobi, anataka "kidogo tu ya kushikilia" kwa sababu kuna mteja mwingine. Mwingine atajifanya mtu wa bima, ati faili lako liko tayari, tuma ada ya kulifungua. Kampuni ya bima haitozi ada ya kufungua faili kwenye namba ya mtu binafsi, kwa hivyo kata simu. Kwa muuza spea, mwambie amkabidhi mtu wako aliye Nairobi, ama auweke mzigo kwenye ofisi ya matatu za mizigo, ulipe mtu wako akishauona. Akikataa, hana kabureta. Kama tayari umetuma, usianze kubembelezana naye kwa simu. Ripoti kwa kampuni yako ya malipo papo hapo, maana pesa ambayo haijatolewa bado inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa, umebaki na polisi.

Majirani watataka kuchanga, kwa sababu Pijo ya mzee ilikuwa ambulansi ya kijiji kabla ya kuwa kitu kingine. Kubali mchango, lakini usikubali uingie kwenye simu yako, ambako utachanganyika na pesa ya maziwa na karo. Wafungue akaunti ya kikundi au paybill ya mchango yenye waweka saini zaidi ya mmoja, na mweka hazina aweke taarifa kwenye kikundi kila jioni. Siku bima ikiuliza ulipata wapi pesa ya matengenezo, jibu lipo.

Kitu cha mwisho kinachosahaulika. Kama kitabu cha gari kiliungua, omba nakala NTSA kupitia eCitizen, ulipie hapo hapo kwenye mfumo, usimpe broka wa pale nje. Na kama umeweka injini nyingine, wape NTSA namba mpya ibadilishwe kwenye rekodi kabla hujarudi barabarani. Injini ambayo namba yake hailingani na kitabu ni sababu nzuri sana ya bima kukukatalia safari ijayo.