Mtu Mzima Ovyo

Katika karamu moja ya harusi ya watu wa kwetu hapa Ohio, bwana mmoja tuliyetoka naye pwani aliniuliza mbele ya meza nzima: "Ati ni kweli, mzee, kwamba siku za mapumziko unakwenda uwanjani kurusha roketi za karatasi?" Nilipokubali, meza ikaangua kicheko. Yeye akamalizia kwa lile neno letu ambalo humvua mtu nguo hadharani: "Mtu mzima ovyo!" Nilinyamaza, kwani harusini si mahali pa kujibizana. Leo namjibu.

Naam, nimevuka miaka 60 na narusha roketi. Ugonjwa huu ulinianza Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Baharini mbele ya kijiji chetu palikuwa na jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka hapo na kupeleka setilaiti iliyoitwa kwa lugha yetu, Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Nilikuwa na miaka 8. Kwa wiki nzima tulikimbia mchangani na vijiti vya makuti, kila mmoja na roketi yake. Baba akaniambia, "Hiyo ni kazi ya Wazungu. Kashike daftari."

Nilishika daftari, likanifikisha Marekani. Huko, nikiwa mwanafunzi, nilikuta roketi ndogo za kujiundia zikiuzwa dukani kwa bei ambayo hata mimi niliimudu. Nikarusha miaka miwili, kisha zikaja kazi na mke na kodi ya nyumba, nikaacha. Sioni aibu kwa kuacha. Aibu yangu ni nyingine. Mwaka 1999 mwanangu, akiwa na miaka 10, alinunua sanduku la roketi kwa pesa zake mwenyewe. Nikalichukua, nikaliweka juu ya kabati. "Soma kwanza," nikamwambia. Halikushuka hadi alipohama nyumbani. Basi huyo bwana wa harusini namjua vizuri, nilikuwa yeye.

Sasa tuzipime hoja zake. Husema huu ni mchezo wa watoto. Je, anajua nani aliuanzisha? Ni Orville Carlisle, muuza viatu wa mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska, ambaye mwaka 1954 alitengeneza roketi ndogo yenye mota ya baruti ndani ya bomba la karatasi. Sputnik iliporuka Oktoba 1957, vijana wa Marekani walishikwa na wazimu wa kujaza kemikali katika mabomba ya chuma, na wengine walipoteza vidole, macho, hata maisha. Watu wazima hawakuishia kukataza tu. G. Harry Stine, aliyefanya kazi katika uwanja wa makombora wa White Sands, aliuchukua uvumbuzi wa Carlisle akaueneza. Mwaka 1958 Vern Estes akaunda mashine ya kutengeneza mota hizo kwa wingi. Mtoto alipata mchezo salama kwa sababu watu wazima walikubali kucheza kwanza.

Husema ni hatari. Hatari ipo, lakini ipo pia namna ya kuichunga. Pua, mwili na mapezi hayatengenezwi kwa chuma. Mota huwashwa kwa umeme wa betri, watu wakiwa mbali. Hata kwa zile ndogo, mita 5 hivi. Namba huhesabiwa kwa sauti kabla ya kurusha. Mota ikikataa kuwaka, unakata umeme na kungoja sekunde 60 kabla ya kuisogelea. Wangapi kati yetu huendesha magari kwa adabu kama hiyo?

Husema ni kupoteza pesa. Haya aliyasema akiwa amekaa kwenye harusi ambayo sote tulijua itamchukua bwana harusi miaka kuilipa.

La hasha, si pesa wala hatari. Mtu mzima hukwepa mchezo huu kwa sababu utamuumbua mbele za watu. Roketi haijui nani ana mvi na nani ana shahada. Kitovu cha uzito wake kisipokuwa mbele ya kitovu cha nguvu za hewa, itapinduka tu, hata kama mwenyewe ni profesa. Sisi wazee tumezoea kazi ambazo kosa letu hubebeshwa karani, mke au mtoto. Hapa hakuna wa kubebeshwa.

Majira ya joto yaliyopita tulilifungua lile sanduku la 1999. Mwanangu na binti yake wa miaka 9 waligundisha mwili. Mimi, fundi mkuu, nikachonga mapezi mapya badala ya yale yaliyovunjika, nikayafanya madogo ili yapendeze. Kuna kipimo rahisi: unaifunga roketi uzi pale inapolingana uzito, unaizungusha kichwani, pua ikitangulia, ni salama. Sikuipima. Iliruka mita chache, ikapiga kichwangomba, ikajibwaga kwenye nyasi.

"Babu, nani amekosea?" mjukuu akauliza.

"Mimi," nikasema.

Mwanangu aligeuka akanitazama. Ana miaka zaidi ya 30, na sikumbuki kama aliwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Hakusema kitu. Jioni ile tulikata mapezi makubwa zaidi, yeye akashika rula, na Jumapili iliyofuata, baada ya kuzungusha uzi, roketi ikaruka wima na mwavuli wake ukafunguka.

Kupotea njia ndiko kujua njia, hufundisha wahenga wetu, na sisi huwasomea watoto methali hiyo huku tukijifanya hatukupotea hata siku moja. Wewe bwana wa harusini, watoto wako wamewahi kukuona ukishindwa kitu, ukakaa chini, ukajaribu tena? Kama bado, usiniite ovyo. Shusha kwanza kilichoko juu ya kabati lako.