Hazina Ilitafsiriwa, Ujira Ukaachwa

Lugha hupokea vitabu vya kigeni kwa mkono wa mfasiri, na mkono huo huchagua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, aliwapa wasomaji Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Hadithi ya Allan Quatermain. Asili ya vitabu hivyo vitatu ni Uingereza ya miaka ya 1880, enzi ya Malkia Victoria. Kiswahili chake ni safi, na vizazi vya watoto wa shule vilifurahishwa nacho. Si haki kumnyima mfasiri sifa hiyo. Lakini yafaa kuulizwa ni Mwingereza gani aliyeletwa. Ni Mwingereza asafiriye mbali, apambanaye na hatari, atafutaye mali iliyofichwa katika nchi za watu. Mwingereza aliyebaki kwao, akihesabu peni za mkate katika chumba chenye unyevu, hakupata nafasi katika mzigo huo.

Hasara ya uchaguzi huo haijaisha. Yaweza kupimwa leo Mwanjelwa, katika jiji la Mbeya, mahali ambapo kijana aliyemaliza shule huchumbia, huoa, huachwa na hulea kwa fedha inayopatikana siku kwa siku, wala haoni katika fasihi aliyofundishwa kitabu kinachomwambia kwamba mambo hayo mawili, mapenzi na ujira, ni hesabu moja.

Vitabu vya namna hiyo vilikuwapo katika Uingereza ileile. Elizabeth Gaskell, mke wa mchungaji, aliishi Manchester katikati ya viwanda vya pamba, akachapisha Mary Barton mwaka 1848, kisha North and South katika miaka ya 1854 na 1855. Charles Dickens alichapisha Hard Times mwaka 1854. Hizo ni hadithi za mapenzi. Mary Barton ni binti wa mfanyakazi wa kiwanda, naye ajifunza kazi ya ushonaji wa nguo. Wanaume wawili wamtaka: Harry Carson, mwana wa mwenye kiwanda, na Jem Wilson, fundi wa karakana ya chuma. Baba yake Mary aliwahi kufiwa na mtoto wa kiume siku ambazo kazi ilikuwa imesimama na chakula cha mgonjwa hakikuwapo, akamwona mke wa tajiri akitoka dukani na vyakula vya karamu. Basi msichana amwazapo Carson, hawazi uso mzuri peke yake. Awaza nyumba yenye moto wakati wa baridi na meza isiyo tupu. Msomaji hawezi kulikata jambo hilo vipande viwili, akasema hapa ni mapenzi na hapa ni umaskini.

Dickens alilisema jambo hilo kwa ukali zaidi. Stephen Blackpool, mfumaji wa kiwandani, ana mke mlevi aliyemwangamiza, naye ampenda Rachael, mwanamke mwema afanyaye kazi kama yeye. Aenda kwa tajiri wake, Bounderby, kuuliza kama iko sheria ya kumwacha huru. Aambiwa kwamba sheria iko, ila gharama yake ni paundi 1,000 hadi 1,500, na pengine mara mbili ya hizo. Ndivyo ilivyokuwa kweli: kabla ya sheria mpya ya mwaka 1857, Mwingereza aliyetaka talaka kamili iliyomruhusu kuoa tena alihitaji sheria ya Bunge kwa ajili yake peke yake. Mapenzi ya Stephen hayakuzuiwa na baba mkali, wala uchawi, wala ila ya tabia. Yalizuiwa na bei.

Haihitajiwi kudai kwamba palikuwa na njama ya kuwaficha watu wa Tanganyika vitabu hivyo. Yatosha kuutazama wakati wenyewe. Katika miaka ileile ya 1930, watoto wa shule walipokuwa wakisoma habari za almasi za Mfalme Sulemani, wanaume wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa wakichimba dhahabu ya watu wengine. Walikwenda machimbo ya Lupa, upande wa Chunya. Walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine walichukuliwa na shirika la kuandikisha wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la Wenela, mpaka migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wabena wa Njombe walikuwa miongoni mwa watu waliotoa manamba wengi wa mashamba ya mkonge, na tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU ndiyo iliyowaandikisha na kuwasafirisha. Neno manamba lenyewe latokana na namba aliyopewa mtu. Kazi yake ilihesabiwa katika kipande cha siku 30, na siku ambayo haikuandikwa katika kipande haikuwa na malipo.

Walikwenda kutafuta nini? Kodi ya serikali ilikuwamo, na nguo zilikuwamo, lakini mahari nayo yalikuwamo. Kwa Wanyakyusa mahari yalikuwa ng'ombe, na ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa wazee wenye wake wengi. Kijana asiyetaka kungoja mpaka mvi zimtokee aliuza nguvu zake mgodini apate fedha ya kununulia ng'ombe. Kwa hiyo ndoa ya kijijini Rungwe ilifungamana na saa za kazi chini ya ardhi ya Johannesburg, sawa na vile ndoa ya Mary Barton ilivyofungamana na ujira wa Manchester. Yupo aliyerudi na ng'ombe wake akamkuta mchumba ameolewa. Yupo aliyerudi na kifua kibovu. Wapo ambao hawakurudi kabisa, na wake zao wakabaki si wajane wala si wenye waume. Hiyo ni riwaya nzima ya viwanda, nayo ilitendeka katika nchi isemayo Kiswahili. Mtoto wa manamba alipopewa kitabu shuleni, alipewa hazina ya kisiwani.

Wapo wahakiki watakaojibu kwamba vitabu vya enzi ya Victoria ni mali ya mkoloni, na kwamba kuvitamani ni kurudi utumwani. Jibu hilo lina heshima yake, ila limechelewa. Vitabu vya mkoloni vilikwisha kuja. Vilivyokuja ni vile vimpambavyo. Vile vimfichuavyo, vionyeshavyo kwamba watu wake mwenyewe walikufa kwa homa na njaa chini ya sakafu za nyumba za mji tajiri, ndivyo vilivyoachwa. Tena kitambaa kilichofumwa Lancashire kilivaliwa pwani na bara ya Afrika Mashariki bila mtu kuuliza kama ni cha kigeni. Ikiwa nguo iliruhusiwa kupita, hakuna sababu ya kuizuia habari ya mikono iliyoifuma.

Wapo pia, na hawa ni wengi zaidi, wasemao kwamba hadithi za mapenzi ni chakula chepesi cha vijana, na kwamba fasihi ya dhati hushughulika na tabaka, ukoloni na haki. Mgawanyo huu ndio ulioidhuru zaidi riwaya ya Kiswahili. Upande mmoja zimewekwa hadithi za mapenzi ambamo hakuna mtu alipaye kodi ya nyumba. Upande wa pili zimewekwa kazi za heshima, nazo husomwa kana kwamba watu wake hawana vitanda. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, ni kazi kubwa juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Darasani husomwa kama somo la umoja wa wafanyakazi, na maisha ya nyumbani ya kuli huachwa kama mapambo. Shida ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975, yampeleka kijana Chonya mjini, ambako kukosa kazi kwavuruga kila kitu; nayo husomwa kama onyo la kutokimbilia mjini, kana kwamba kosa ni safari.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Swali liulizwalo siku zote ni hili: nani alaumiwe kwa kuanguka kwa Rosa, naye baba mkali huletwa kizimbani pamoja na malezi yake. Ni swali la haki, ila si swali lote. Ni mara chache mwanafunzi kuulizwa fedha ya nyumba ile ilitoka wapi, nani aliishika, na msichana asiye na senti yake mwenyewe aliweza kukataa mangapi. Umaskini ukiisha kugeuzwa tabia mbaya, hakuna wa kudaiwa tena isipokuwa maiti ya msichana.

Haifai, hata hivyo, kuwafanya Waingereza hao kuwa mitume. Gaskell naye amwua Esther, shangazi yake Mary aliyepotea mjini, kwa sababu hakujua la kumfanyia akiwa hai. Alipokwisha kuonyesha kwamba Manchester haina nafasi kwa wapenzi wake maskini, aliwapakia melini akawapeleka Canada. Katika North and South, ugomvi wa mwenye kiwanda na wafanyakazi wake wapozwa kwa heshima ya mtu na mtu, na kiwanda chaokolewa kwa urithi wa mwanamke aolewaye na tajiri. Dickens amchora msemaji wa chama cha wafanyakazi kama mpiga domo. Waandishi hao waliuona ugonjwa wakaiogopa dawa. Mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kuiga miisho yao. La kujifunza kwao ni ujasiri wa kutaja bei katikati ya maneno ya mapenzi.

Itasemwa kwamba Mwanjelwa si Manchester, na ni kweli. Ni mji wa soko: mchele wa Kyela na Mbarali, maharage, viazi, na marobota ya mitumba ambayo mafundi cherehani huyapunguza na kuyashona upya. Lakini ujira upo, hata pale usipoitwa ujira. Dereva wa bodaboda humpelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni, apate abiria asipate. Mamalishe huwasha moto kabla ya alfajiri kwa mtaji wa mkopo ambao watu wenyewe wameupa jina la kausha damu. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Vijana wawili wasioweza kutoa mahari na kodi kwa pamoja huchagua kodi, wakaanza kuishi; na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inatambua kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi wadhaniwe kuwa wameoana. Mtunga sheria aliliona jambo hilo. Mtunzi wa riwaya bado alipita kando, akienda kutafuta mganga, tajiri mwovu au msichana mpotevu.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Magazeti yaliandika habari za mali na mitaji iliyoteketea, na hiyo ndiyo kazi ya magazeti. Riwaya ingeuliza la zaidi: ni posa gani iliyorudishwa mwezi uliofuata, ni mke gani aliyerudi kwa wazazi na mtoto mgongoni, ni mume gani aliyesema anakwenda Tunduma kutafuta riziki na akanyamaza huko. Maswali hayo si ya umbeya. Ni historia ya watu wasio na hati.

Kwa hiyo mambo matatu yadaiwa. Kwanza, Mary Barton na Hard Times vitiwe katika Kiswahili kizuri, visomwe pamoja na vitabu vya Johnson, ili mwanafunzi azione nusu zote mbili za Uingereza ile. Pili, walimu waache kugawa mapenzi na tabaka katika vipindi viwili, na kila hadithi ya ndoa iulizwe nani alilipa na kwa fedha gani. Tatu, waandishi wa Nyanda za Juu Kusini waliandikie kizazi cha Wenela na SILABU kitabu chake kabla ya wajukuu kuyasahau majina hayo. Wazee waliokwenda migodini wamebaki wachache sana, na wake waliowangoja ni wachache vilevile. Akina mama hao waijua hadithi hii kuliko mtaalamu yeyote, nao wangali Rungwe na Njombe, hawajaulizwa.